Nani Anamrithi Furaha

Papa,

Najua swali lako la kwanza lingekuwa juu ya dada yangu Furaha. Hata huko ulikofika nadhani umekwisha kuwauliza kama kuna mtu amebaki naye. Subiri kidogo. Nitamfikia, lakini leo mimi ndiye ninayezungumza na wewe huna pa kukimbilia, kwa hiyo utanisikiliza kwa mpango wangu.

Tulikuzika vizuri. Katika mji huu wetu hata kaburi ni kazi ya kuvunja mawe, na vijana wa Katoyi walishinda na mitarimbo wakilipiga lile jiwe jeusi la volkano, wanapokezana, wanakunywa maji, wanarudi shimoni. Mmoja akasema kwa sauti, "Muzee huyu hataki kwenda." Nilicheka, Papa. Na kitambaa cha msiba kichwani, mbele ya watu wote, nilicheka, na shangazi akanifinya mkono. Lakini yule kijana alisema kweli. Ulianguka pale langoni, kando ya meza yako ya kuuzia fromaji, zile jibini za Masisi, na Mama anasema ulikuwa umeshaugeuzia uso mlango wa nyumba, kama mtu aliyesikia anaitwa ndani. Daktari alisema ni tension, damu iliyopanda. Sisi tulijua tu kwamba Furaha alikuwa amelala chumbani na wewe ulikuwa unataka kwenda kumwangalia.

Sasa nikugombeze.

Jioni ile ya kwanza ya kilio, wenzenu wa shirika la kwenu Katoyi, ile jumuiya ya sala ya mtaa, walikuja kusali. Walikuja, siwezi kuwasema vibaya, walileta hata makaa na mchele. Lakini kabla ya kuanza, mukubwa wa shirika alinivuta pembeni, karibu na tangi la maji, akashusha sauti. "Mama Gloire, samahani sana. Papa yenu alikuwa anasali wapi?" Nikamtazama. Akaona aibu, lakini akaendelea. "Siye tulikuwa tunajua alienda kwa balokole."

Papa! Wewe, mlokole! Wewe ambaye hata kupiga makofi kanisani ulikuwa unapiga polepole, kana kwamba utaamsha mtoto!

Nilimweleza palepale, huku maiti yako iko ndani. Nilimwambia kwamba Papa alikuwa anakwenda misa ya alfajiri peke yake, na Mama anakwenda misa ya pili peke yake, kwa sababu nyumbani kuna mtoto mwenye ugonjwa wa damu, ule wa SS, wanaouita sikoseli, ambaye hawezi kuachwa. Nilimwambia kwamba mikutano ya shirika hukuiona kwa sababu saa ya mikutano ndiyo saa Mama yuko sokoni. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Akasema hawakujua. Kumbe miaka hiyo yote wengine walikuwa wanasema wewe na Mama mmeachana ndani ya nyumba moja, na wengine wanasema umehama dini. Hakuna aliyewahi kuwaona benchi moja, basi kila mtu akajijibu mwenyewe. Na wewe ulikuwa unayajua maneno yao. Nilikuuliza nikiwa msichana, nikikuomba uende hata mara moja tu ukawaeleze, nawe ukavaa kofia yako vizuri ukasema, "Mungu anajua kwetu."

Sawa, Mungu anajua kwenu. Lakini aliyeachwa kuwaeleza watu ni mimi, na nilikuwa ninalia.

Padri aliongea kidogo tu siku ya mazishi. Alisema alikuwa anakufahamu kwa mgongo, kwa sababu ndiwe mtu uliyekuwa unatoka kila Jumapili kabla ya matangazo, unapita katikati ya watu haraka haraka, na alikuwa anajiuliza huyu baba anakimbilia wapi. Halafu akasema sasa anajua. Hakuna kingine alichosema juu yako. Mama anayarudia maneno hayo kila siku.

Nakumbuka ulivyokuwa unatoka hivyo. Ukifika nyumbani Mama alikuwa amekwisha kuvaa kitenge chake cha Jumapili, amekaa ukingoni mwa kitanda cha Furaha, na mlikuwa mnapokezana bila maneno mengi, kama askari wa zamu. Unamwambia tu wimbo gani umeimbwa. Halafu unavua viatu, unachemsha maji, unajaza bido, ile galoni ndogo ya plastiki, unaifunga katika taulo, unaiweka kwenye magoti ya Furaha. Sisi wengine, mimi na kaka yangu Amani, tulikuwa tunakula chai na mkate na tunakuona. Sikuwa ninaliona kama jambo kubwa. Nilidhani kila baba ana bido yake.

Na kitenge. Nimewasimulia watoto wangu habari ya kitenge na hawataki kuamini. Siku ile mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki haikuweza kufika kwetu, na Furaha alikuwa msichana mkubwa tayari, miguu yake inaning'inia. Ukachukua kitenge cha Mama, ukainama, ukamfunga mgongoni kama mama anavyofunga mtoto, ukalikaza fundo kifuani, ukatoka. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba maji yake ya kunywa. Wanaume waliokuwa wanacheza karata pale kwenye kona walipiga kelele wakikuita kwa jina langu, "Eeh, Papa Neema amekuwa mama!" Mwanamume mwenye mvi, na kitenge cha maua! Hukukasirika. Ulisema bila kusimama, "Basi mukuje munisaidie, muzigo ni muzito." Hakuna aliyecheka tena, na mmoja wao aliacha karata akaja kukushika kiwiko mpaka barabara ya lami.

Ndiyo sababu ulikataa ile kazi ya Himbi ya kulinda depo ya mizigo. Shangazi bado anaitaja. Kazi nzuri, ya mshahara wa kila mwezi, karibu na ziwa, na wewe ukasema utauza fromaji za Masisi langoni kwako, kwa sababu langoni unasikia mtu akiita. Watu bado wanakuja kugonga, Papa. Wanauliza kama zimefika. Fromaji zenyewe siku hizi hazifiki kirahisi, njia ya Masisi unaijua, leo iko wazi na kesho vita vimeifunga. Mama anawaambia meza imefungwa. Bado hajaiondoa pale nje.

Sasa nafika ulipokuwa unanisubiri.

Siku ya kutoa kilio, ya kumaliza matanga, Baba mukubwa, kaka yako, alishuka kutoka Masisi, mzee vile alivyo, na fimbo yake na sauti yake. Amani alikuja kwa basi kutoka Kampala. Tulipika fufu na sombe ya majani ya muhogo, kulikuwa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, na baada ya kula wanaume walikaa kwenye viti na sisi kwenye mikeka kama kawaida. Baba mukubwa akaanza kugawa urithi kama desturi inavyotaka. Koti lako alivalishwa Amani. Mikono ilimpita kwenye vidole, kwa sababu wewe ulikuwa mrefu, na watu wakapiga makofi. Nyumba ikabaki chini ya Mama. Redio, viatu, hata ile kofia, kila kitu kilipata mwenyewe. Baba mukubwa akasema, basi, tufunge kwa sala.

Furaha alikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa ninaona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Alikuwa amekaa pale tangu mwanzo akisikiliza, anangoja jina lake.

Unanijua mdomo wangu. Wanawake hawasemi wakati ule, lakini nilisimama. Nikasema, "Baba mukubwa, na Furaha nani anamrithi?"

Amani alianza kukunja mkono wa koti. Baba mukubwa alinitazama kwa huruma, nadhani, si kwa hasira, akasema, "Mutu harithiwi, mutoto yangu. Vitu ndiyo vinarithiwa." Shangazi akasema, "Kule Bukavu kuko bamasista bazuri, banachunga bagonjwa." Mwingine akataja chumba cha maombi, kwamba huenda huo si ugonjwa tu. Mama akasema mgongo wake hauwezi tena, akafunika uso. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kumpeleka Furaha, na hakuna hata mmoja aliyetaja nyumba yake mwenyewe.

Nikamgeukia mume wangu. Deo unamfahamu, ulimpenda, ingawa ulikuwa unanitania kwamba nimeolewa na sakristia. Miezi michache kabla ya kifo chako walikuwa wamemchagua kuwa mukubwa wa shirika letu la huku Mapendo, na ni kweli, mtu huyo tunamwona nyumbani wakati wa kulala. Kwaya, wagonjwa wa parokia, vikao, mazishi ya watu. Kila mtu ananipongeza kwa mume. Alisimama taratibu, akashika mikono mbele, akasema mbele ya ukoo wako wote, "Tutaweka jambo hii katika maombi."

Watu waliitikia amina. Lakini mimi nimeishi na watu wa sala maisha yangu yote na ninajua maana ya maneno hayo. Ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili.

Tukaenda nyumbani. Nilikuwa sina hamu ya kuzungumza naye. Vyumba viwili vya kupanga, watoto watatu, najua, sikuwa kipofu. Tangu vita vifike mjini benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, dawa zinazunguka mpaka zifike hapa, na yeye mwenyewe kazi yake imepungua. Alikuwa na sababu za kweli. Kilichoniuma ni kwamba hakutaja hata moja ya sababu hizo. Alimtanguliza Mungu mlangoni ili yeye asionekane.

Nilimleta Furaha kututembelea. Kutembea tu, nilimwambia Deo, apumzishe mgongo wa Mama kidogo. Na ikawa siku ya shirika, na zamu ilikuwa ya nyumba yetu. Walijaa uani, wengine juu ya mabenchi, wengine juu ya mawe, na Deo katikati na rozari. Furaha alikuwa ndani na mimi. Hali ya hewa ilikuwa imebadilika tangu asubuhi, baridi imeshuka kutoka mlimani, na ukijua ugonjwa wake unajua kilichofuata. Maumivu yalianza kwenye nyonga yakapanda mgongoni. Unamjua, hapigi kelele, anang'ata shuka. Lakini safari hii ilimshinda, akalia kwa sauti.

Uani walisikia. Ukuta wetu ni mbao, nani hasikii? Na Deo, Papa, mume wangu, mtu mwema kuliko wengi ninaowajua, alianzisha wimbo. Wakaimba. Furaha akalia tena, naye akaupandisha wimbo juu zaidi.

Sijui nikueleze vipi nilichokisikia moyoni. Nilichukua kitenge kilichokuwa kimeanikwa, nikainama kama wewe, nikamvuta mgongoni, nikakaza fundo. Furaha ananiambia, "Neema, acha, utaanguka." Nikatoka naye. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kupita katikati yao, basi nikapita katikati yao, juu ya magoti ya watu, na wimbo ukafa mdomo kwa mdomo. Sikuwa na nguvu zako. Nilifika getini, nikashika mlango, na uzito ukanishinda. Nikakaa chini palepale kwenye mawe na dada yangu mgongoni, sote wawili tunalia, mbele ya jamaa wote wa shirika na rozari zao mikononi.

Kisha nikasikia mikono inafungua fundo kifuani pangu. Alikuwa Deo. Alikuwa amevaa lile koti lake la vikao, na akamchukua Furaha mikononi, akasukuma geti kwa kiwiko, akaondoka naye kwa miguu kuelekea barabarani. Fungu la rozari lilikuwa halijaisha. Waliobaki walinitazama mimi, nami nikawatazama. Mwishowe mama mmoja mzee akafanya ishara ya msalaba akaendelea pale alipokuwa ameachia Deo, na wengine wakamfuata, polepole, bila wimbo.

Tulirudi kutoka hospitali baada ya siku kadhaa, na Furaha hakurudi Katoyi. Hakuna aliyetangaza. Deo alihamisha meza, akapigilia mbao, akatenga kona ya chumba cha watoto. Gloire sasa analala na wadogo zake kitanda kimoja na ananung'unika kila asubuhi, na ninamwacha anung'unike, ana haki. Wiki iliyofuata Deo alikwenda kwa wakubwa wa parokia akawaomba wamtafute mtu mwingine wa kuongoza shirika. Alirudi na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Papa, alikuwa anaipenda kazi ile. Wewe labda hukuwahi kupenda vikao, lakini yeye anavipenda, anang'aa mbele za watu, na sasa wakati wa kuimba jioni anasimama dirishani akiwa na bido mkononi, anasikiliza sauti za nyumba ya jirani. Sikumwomba aache. Sijamshukuru pia. Kila nikifungua mdomo ninaona nitalia, na akiniona ninalia atafikiri ninajuta.

Wakati mwingine ninakuonea hasira wewe. Ulitufanya tuone kwamba ni jambo jepesi. Hukuwahi kutuambia kwamba mtu anachoka mpaka anachukia harufu ya maji ya moto. Au hukuchoka? Je, na wewe ulisimama dirishani? Nilikuwa nyumba moja na wewe na sijui.

Nakuambia sasa lililo baya. Furaha haendi vizuri. Tangu mvua zianze maumivu hayampi nafasi, yanaisha Jumatatu yanarudi katikati ya juma. Macho yake yamekuwa manjano kabisa. Vidonge vyake tunavipata leo, kesho tunaambiwa tusubiri. Daktari, mwanamke mpole, alinikalisha na kuniambia maneno mengi ya Kifaransa, na nilipomwuliza kwa Kiswahili alinijibu kwa kunishika mkono. Furaha mwenyewe anajua. Ananitania kwamba nisinunue kitenge kingine cha kumbebea, kile kile kinatosha. Nikamwambia anyamaze. Akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, akaniuliza kama wewe ulipata mahali penye joto.

Juzi homa ilimpanda sana. Deo ndiye aliyekuwa naye, mimi nilikuwa jikoni ninachuja uji. Nikasikia Furaha anaita, "Papa." Kidogo kidogo, kama anaita mtu aliye langoni. "Papa. Papa." Nikasimama na chujio mkononi, maana nilijua hakuna wa kumjibu. Na Deo akasema, "Niko hapa."

Hakumsahihisha. Hakumwambia Papa amekufa. Alisema tu yuko hapa, na Furaha akatulia.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la swali lako. Nimechelewa kulijibu kwa sababu na mimi nilikuwa sijui mpaka juzi pale jikoni.

Siwezi kukuahidi kwamba ataishi, Papa. Ningekuahidi hivyo ningekuwa ninakudanganya, na wewe uko mahali ambapo huenda wanajua zaidi yangu. Nakuahidi kilicho ndani ya mikono yetu. Hatakwenda kwa masista, hatapelekwa kwenye chumba cha maombi cha mtu. Siku akiita, sisi wawili tutakuwa tunapishana mlangoni kumwitikia. Na ikifika siku ambayo ataacha kuita, atakuwa kwenye kona yake, watoto wangu wananung'unika karibu, na mmoja wetu amemshika.

Pumzika, Papa. Usiulize tena. Sasa ni zamu yetu.

Binti yako,
Neema